Madirisha mawili, bei mbili

Mteja alikuwa ameshatoka kwenda kutafuta gari la ng'ombe. Mifuko 20 ya saruji, misumari, nondo chache za milimita 12. Vyote vimeshaandikwa kwenye dirisha la mauzo la programu ya duka, kwenye skrini ya kompyuta, jumla imeshatajwa, mtu kaitikia, kilichobaki ni usafiri na fedha. Binti wa kaunta akalisogeza dirisha lile pembeni bila ya kulifunga, akamgeukia mteja mwengine aliyetaka rangi.

Mimi nilikuwa chini ya meza, nikihangaika na printa ya risiti.

Ndipo Mzee, mwenye duka, akatoka ndani. Mzigo mpya wa saruji ulikuwa umeteremshwa bandarini Mkoani, hapa Pemba, na nauli ya chombo imepanda. Akavuta kiti, akafungua dirisha la bei, akaitoa saruji kwenye 17,000 akaiweka 18,500, akabonyeza Hifadhi, akarudi zake ndani.

Gari la ng'ombe likafika. Mteja akatoa pesa. Dirisha la mauzo likasema 17,000 na risiti ikatoka hivyo hivyo. Nyuma yake, dirisha la bei ambalo hakuna aliyelifunga lilikuwa linaonyesha 18,500. Skrini moja, programu moja, faili moja la data.

"Fundi," Mzee aliniita baada ya kuiona risiti, "hii programu ina ndimi ngapi?"

"Ami, bei nilishamtajia," binti akawahi kusema.

Wakatazamana. Mimi nikarudi kwenye printa yangu.

Kosa liko upande gani

Mtu wa programu ukimsimulia kisa hiki atakujibu kabla hujamaliza: dirisha la mauzo limeshika bei iliyopitwa na wakati, lipelekewe mpya, basi. Hata mimi ndivyo nilivyomwambia Mzee siku ile. Madirisha hayaambiani, nikasema, nitayafanya yaambiane. Akaridhika.

Lakini garini, tukiiacha Chake kurudi Wete, kauli ya yule binti ikanikaa kichwani. Tuseme madirisha yangekuwa yanaambiana. Mteja angerudi na mwenye gari ambaye keshapatana naye nauli, akute jumla imepanda kwa shilingi 30,000 na hakuna aliyemwambia lolote. Madirisha yote yangekubaliana vizuri sana, na mwenye duka angeonekana mwongo mbele ya watu.

Kwa hiyo nililokuwa nimeahidi kulirekebisha, je, lilikuwa ni kosa?

Nimeishi na swali hilo wiki kadhaa. Yafuatayo ni kwa wanaotengeneza programu za mezani kama mimi, yaani zinazokaa ndani ya kompyuta yenyewe, hizi za madukani na maghalani ambazo watu wa mitandao wanadhani zimeshakufa. Hazijafa. Intaneti ikikatika, ndizo zinazoendelea kuuza.

Bei inakaa pahala patatu

Programu yenyewe sikuianzisha. Niliirithi kwa fundi aliyehamia bara: imeandikwa kwa lugha ya C#, madirisha yake yamejengwa kwa zana za Windows Forms, na data yake inakaa kwenye faili la hifadhidata ya SQLite. Imeandikwa kwa usafi kuliko nyingi nilizokabidhiwa, kwa hiyo sitaki ionekane kwamba namsema.

Kabla ya kuuliza data ipitishwe vipi kutoka dirisha hili kwenda lile, nimejifunza kuuliza iko wapi. Bei ya saruji ilikuwa pahala patatu. Iko kwenye faili la SQLite, ndani ya diski. Iko kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ndani ya orodha ambayo programu iliisoma asubuhi ilipofunguliwa. Na iko kwenye skrini, herufi na tarakimu zilizochorwa ndani ya kisanduku. Mara nyingi tunavichukulia vitu hivi vitatu kuwa kimoja, na kila kimoja kinaweza kuwa na bei yake.

Mstari wa saruji ulipoongezwa kwenye mauzo, bei ilinakiliwa. Katika C# namba ya aina ya decimal ukiikabidhi kwa dirisha jengine, dirisha hilo linapata nakala, na kuanzia hapo halina habari na ile ya mwanzo. Ukiikabidhi bidhaa nzima, yaani kitu kilichoundwa kwa klasi (kiolezo cha vitu vya aina moja), hapo madirisha mawili yanashika kitu kimoja, na lile la kwanza likibadilisha bei, la pili nalo linayo.

Linayo, lakini halionyeshi. Skrini haijichori upya kwa sababu tu kumbukumbu imebadilika. Lazima iambiwe, na ndiyo kazi ya INotifyPropertyChanged na jamaa zake. Nimeshawahi kuona fundi akiapa kwamba programu yake inasoma bei ya zamani, kumbe bei iliyomo ni mpya kabisa, ila hakuna aliyeiambia skrini.

Basi watu hutumia njia za mkato. Wapo wanaoweka kigeu kimoja cha static, yaani cha pamoja kwa programu nzima, ambacho kila dirisha linakichota. Wapo wanaoweka saa ya ndani inayosoma faili zima kila sekunde, kompyuta ikapumua kama mgonjwa. Na wapo, hawa ndio wengi, wanaolipatia dirisha moja mkono wa kuingia ndani ya jengine na kuandika moja kwa moja kwenye kisanduku chake. Hiyo ya mwisho inafaa mkiwa na madirisha mawili. Yakifika sita na kila moja likawa linamjua mwenzake, umeshajitengenezea njia 30 za kuzikumbuka, na siku unapoondoa dirisha moja hujui nini kitaanguka.

Zamani kuliko sisi

Mwaka 1979 Trygve Reenskaug, Mnorwei aliyekuwa mgeni kwenye maabara ya Xerox PARC kule California, aliandika karatasi chache ambazo mpaka leo tunakula humo. Alikuwa ametokea kwenye programu za viwanda vya kuunda meli, kazi ambayo mpango mmoja unatakiwa kutazamwa na watu wengi kwa sura nyingi: huyu anataka orodha, yule anataka mchoro, na wote wanazungumzia chuma kile kile. Akasema data ikae peke yake, na kila kinachoonekana kwenye skrini kiwe mtazamo tu wa data hiyo. Dirisha lisimiliki kitu. Data ikibadilika, mitazamo yote ipewe habari.

Tumepita miaka mingi na somo hilo bado linarudi. Mwaka 2014 wahandisi wa Facebook walieleza hadharani kero yao ya muda mrefu: alama inayosema una ujumbe mpya, ukifungua hukuti kitu. Wanarekebisha, inatulia, inarudi. Sehemu nyingi za ukurasa mmoja zilikuwa zinabadilishana habari huku na huku mpaka hakuna aliyejua ipi ndiyo kweli. Dawa yao waliiita Flux: data ipite njia moja, upande mmoja.

Nilipokuwa nasoma haya usiku nilijihisi niko salama. Wakubwa wote wamesema jambo moja. Ukweli uwe pamoja, madirisha yaufuate.

Ila hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na mteja aliyekwenda kutafuta gari la ng'ombe.

Nikawapa walichokitaka

Nilitengeneza toleo la majaribio kama Mzee alivyoomba. Habari za bidhaa zote kwenye ghala moja la ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, kila dirisha linasikiliza. Ukibadilisha bei hapa, kule inabadilika kabla hujainua kidole. Nilikaa nalo nyumbani, nikafungua madirisha manne ubavu kwa ubavu, nikabadilisha namba moja nikaziona nne zikigeuka kwa pamoja. Kwa fundi hiyo ni raha ambayo ni vigumu kumweleza mtu asiyekuwa fundi.

Tukaliweka kwenye kompyuta ya kaunta, kwa data ya mfano, binti akae nalo ajaribu. Nikamwambia afanye kama siku ya kawaida. Mzee akashika kipanya cha kompyuta yangu ya mkononi, iliyounganishwa kama skrini ya pili.

Binti alikuwa anasoma jumla kwa sauti, kama anavyosomea wateja wa kwenye simu: laki tatu na arubaini elfu. Mzee akabadilisha bei. Namba ikageuka akiwa katikati ya kuitamka.

Binti aliacha kipanya.

"Fundi, hii inanigeuka mdomoni."

Kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Akiwa na wateja watatu, madirisha matatu ya mauzo yamefunguliwa, na yeye anatazama moja tu, atajuaje kwamba katika yale mawili yaliyofichwa jumla si ile aliyoitaja? Mzee akasema ajue tu kwamba bei sahihi ndiyo inayoonekana. Binti akasema yeye hauzi kwa inayoonekana, anauza kwa aliyoitamka.

Nimejaribu kuupuuza ubishi huu kama mambo ya mjomba na mpwa, au kwa hapa tuseme ami na mwana wa nduguye. Sikuweza. Wote wawili wana haki, na tatizo la programu ambalo pande zote zina haki huwa si la programu peke yake.

Kufunga milango

Kuna jibu rahisi ambalo wengi wangelichagua, nami nililifikiria kwa uzito. Dirisha la mauzo likiwa wazi, dirisha la bei lisifunguke. Windows Forms inakupa ShowDialog, mstari mmoja tu: dirisha likishafunguka kwa njia hiyo, madirisha mengine ya programu hayagusiki mpaka ulifunge. Hakuna bei mbili kwa sababu hakuna wakati mmoja wa kuwa nazo.

Kwenye karatasi inapendeza. Dukani haisimami. Mtu akienda kutafuta gari anaweza kukaa saa nzima, akakutana na nduguye njiani, akapitia sala. Saa hiyo yote duka liwe limefungwa na dirisha moja? Larry Tesler, naye wa Xerox PARC, aliichukia tabia hii ya programu kumbana mtu kwenye hali moja mpaka gari lake likabeba namba isemayo NOMODES, yaani hali za kubana zisiwepo. Zamani nilidhani ni mzaha wa watu wenye nafasi. Sasa namwelewa.

Alisemaje?

Aliyenifungua ni maalim mmoja barazani, ambaye kompyuta anaijua kwa kuisikia tu. Nilikuwa namsimulia kisa kama kichekesho. Yeye hakucheka. Akaniuliza: "Yule mteja alipotoka, alisemaje? Alisema nimechukua, au alisema ngoja nikaangalie usafiri?"

Nikamwambia sikumbuki.

"Basi hujui ulichoulizwa."

Akaeleza, kwa ufupi wa mtu ambaye ameshasomesha jambo hilo mara nyingi. Biashara ni ijabu na kabuli. Muuzaji akatoa, mnunuzi akakubali, pameshauzwa. Na kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo tuliyokulia wengi wetu visiwani, wawili hao wanayo khiyari ya kikao: maadamu hawajaachana, kila mmoja anaweza kurudi nyuma. Wakishaachana, imefungika. Kwa hiyo ikiwa mteja alisema nimechukua kisha akatoka nje, Mzee hana bei ya kubadilisha kwenye mifuko ile. Si mali yake tena, anadai fedha tu. Ikiwa aliuliza bei akaondoka, hapo ni mazungumzo, na Mzee ana uhuru wake.

Sijifanyi mwanachuoni, na masuala ya biashara yana milango mingi kuliko huo mmoja. Lakini nilipokwenda kuitazama tena ile programu niliona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Dirisha la mauzo lilijua hali mbili tu: limehifadhiwa au halijahifadhiwa. Baina ya hizo mbili hakuna kitu. Yale maneno ya mteja, ambayo ndiyo yanayoamua bei, hayakuwa yameandikwa popote. Si kwenye faili, si kwenye kumbukumbu, si kwenye skrini.

Nilikuwa nahangaika na namna ya kupitisha data kutoka dirisha hadi dirisha, na data yenyewe iliyotakiwa kupita haikuwepo.

Bei ya kuuzia na bei iliyouzwa

Hapa watu wa hifadhidata watanisimamisha. Tangu mtafiti wa kompyuta E. F. Codd alipochapisha mwaka 1970 nadharia yake ya mahusiano, ya kupanga data kwenye majedwali, tumefundishwa kwamba jambo moja liandikwe pahala pamoja. Bei ya saruji iko kwenye jedwali la bidhaa, kwa nini uinakili tena kwenye mstari wa mauzo?

Kwa sababu si jambo moja. "Saruji inauzwa 18,500" ni habari ya bidhaa, na kesho itabadilika. "Huyu kauziwa kwa 17,000" ni habari ya tukio, na haitabadilika mpaka Kiyama. Kila mtengenezaji wa ankara analijua hili, maana aliyelisahau huamka siku moja akakuta mauzo ya mwaka jana yamepanda thamani yenyewe. Ankara ikishahifadhiwa hakuna anayebishana.

Mjadala wote uko kwenye ile nafasi finyu kabla ya kuhifadhi, dirisha likiwa wazi. Hapo vitabu hupita haraka, kwa vile mwandishi anadhani nafasi hiyo ni ya sekunde. Kwetu inaweza kuwa kuanzia asubuhi mpaka alasiri.

Na ndani ya dirisha hilo hilo moja, vitu havifanani. Nilikaa na orodha nikavipitia kimoja kimoja. Idadi ya mifuko iliyopo ghalani lazima iende mbio, ibadilike hapo hapo kila dirisha, kwa sababu saruji ni kitu cha kushikika na mifuko ile ile kumi haiwezi kuuzwa kwa wateja wawili. Deni la mteja kadhalika, kama kalipa kwenye dirisha jengine, hutaki kumuaibisha kwa kumdai tena. Jina lake likirekebishwa, lirekebishwe kote. Bei ndiyo yenye mashaka, na mashaka yake yanategemea neno lililokwisha kutamkwa. Na yale ambayo binti bado anayaandika, nusu ya namba, idadi ambayo mteja anaibadilisha kila akikumbuka ukubwa wa msingi wa nyumba yake, hayo hayamhusu mtu mwengine yeyote. Dirisha jengine likiyaona litaona upuuzi.

Kwa hiyo sikuweza kuamua kwa dirisha. Ilibidi niamue kwa kila kitu, na kwa kila hatua ya mazungumzo.

Kilichotengenezwa

Mstari wa mauzo sasa una hali tatu. Kwanza mteja anauliza. Hapo bei inafuata dirisha la bei, lakini haigeuki kimya kimya: namba ya zamani inabaki, na pembeni inatokea alama ya njano yenye bei mpya na kitufe cha kuikubali. Binti ndiye anayeamua aseme lini. Pili amekubali. Mteja akisema nimechukua, binti anabonyeza kitufe cha F8. Bei inafungika na saa yake, idadi inashikwa, na dirisha la ghala linaonyesha papo hapo namba mbili: iliyopo na iliyoshikwa. Tatu amelipa, na hiyo inajulikana.

Jambo lililonigharimu mawazo zaidi ni F8 iandike wapi. Mwanzoni niliweka kila kitu kwenye kumbukumbu, dirisha likifungwa bila malipo basi makubaliano yanaondoka nalo. Kisha umeme ukakatika. Tangu waya wa chini ya bahari kutoka Tanga uanze kuwasha Pemba mwaka 2010 hatuko tena kwenye shida za zama za majenereta ya Wesha, lakini umeme ni umeme, na betri ya kaunta ilikuwa imechoka. Kompyuta ilipowaka tena nikajiuliza: makubaliano ya watu wawili yanavunjika kwa sababu taa imezimika?

Hayavunjiki. Basi na yaandikwe. Sasa F8 inaandika kwenye faili la SQLite kabla ya kumwambia dirisha lolote. Uzuri wa SQLite ni kwamba muamala unaingia mzima au hauingii kabisa, hata waya ukichomolewa katikati. Makubaliano yakishaandikwa, ghala la ndani ya kumbukumbu linasasishwa, na ndipo madirisha yote yanapewa habari, likiwemo lile lile lililobonyezwa. Halijipendelei. Nalo linangoja taarifa kama wenzake.

Mpangilio huo, diski kwanza, kumbukumbu pili, skrini mwisho, umeniondolea maswali mengi kuliko maktaba yoyote niliyowahi kuipakua.

Dirisha lililofungwa bado linasikia

Mawili ya kiufundi niyaseme, maana najua wapo watakaoijaribu njia hii wakanilaumu.

La kwanza ni usikilizaji. Dirisha linapojiandikisha kusikiliza mabadiliko ya ghala la kumbukumbu, ghala linashika rejeleo, yaani anwani ya kulifikia dirisha hilo. Mtumiaji akilifunga, kwenye skrini linaondoka, ila ghala bado limelishika, na mfagiaji wa kumbukumbu wa .NET, jukwaa linaloiendesha programu ya C#, hawezi kukizoa kitu ambacho bado kimeshikwa. Ni kama mpangaji aliyehama, barua zake zikawa zinaendelea kuletwa mlangoni. Kila bei ikibadilika, madirisha yaliyokufa tangu asubuhi nayo yanaamshwa, yanahesabu jumla zao, yanachora visanduku visivyoonekana. Dalili yake ni duka linalokwenda kasi saa mbili asubuhi na kuburura miguu ikifika alasiri, na kila mtu anasema kompyuta imezeeka. Jiondoe kwenye orodha ya wasikilizaji dirisha linapofungwa, kwenye tukio liitwalo FormClosed. Usimtegemee mtu kukukumbusha.

La pili ni nyuzi, yaani njia za kazi ambazo programu inaziendesha sambamba. Ukisoma faili kwenye uzi wa pembeni ili skrini isigande, ukimaliza usiguse kisanduku chochote ukiwa humo humo. Windows Forms inataka kila kidude kiguswe na uzi uliokiunda tu. Pitia Invoke au BeginInvoke, zinazoukabidhi uzi huo kazi hiyo. Ukikaidi, mara nyengine itakubali na mara nyengine itakuangusha, na hilo la kukubali mara nyengine ndilo baya zaidi.

Wanaotumia Electron, zana ya kutengeneza programu za mezani kwa lugha za wavuti, wana habari tofauti kidogo. Kule kila dirisha kwa kawaida lina prosesi yake, yaani linaendeshwa kama programu ya peke yake, hakuna kumbukumbu ya pamoja ya kushikana. Kila kinachopita kati yao ni nakala inayopelekwa kama ujumbe, mara nyingi kupitia prosesi kuu. Watu hulalamika kwamba ni kazi nyingi. Mimi naona ni rehema, kwa sababu huwezi kujidanganya kwamba madirisha mawili yameshika kitu kimoja. Weka ghala lako kwenye prosesi kuu, madirisha yatume maombi na yapokee taarifa, na ile orodha ya nini kiende mbio na nini kisimame bado utalazimika kuiandika mwenyewe. Hakuna zana inayoijua.

Bado wanabishana

Toleo jipya liko kaunta sasa. Mzee aliipenda alama ya njano, akasema angalau anaona nani hajaambiwa bei mpya. Binti anaipenda F8 kupita kiasi. Nimemkuta akiibonyeza mteja akiwa bado anakuna kichwa, kwa kuhofia Mzee atatoka ndani. Nilifikiria kuweka swali la kuthibitisha, nikaacha. Maswali ya kuthibitisha watu huyabonyeza bila kuyasoma.

Lililobaki halikuwa kwenye hesabu zangu. Kuna mteja alisema nimechukua, F8 ikabonyezwa, mifuko ikashikwa, na mtu hakurudi. Siku hiyo ikapita. Mifuko ipo, macho yanaiona, programu inasema imeshikwa, na mteja mwengine amesimama mlangoni na pesa mkononi.

Mzee anasema makubaliano yasiyolipwa yaachiliwe ikifika magharibi. Binti anasema mtu wa Chake sawa, lakini anayevuka kwenda kisiwani Kojani hawezi kuhesabiwa saa zile zile, na ukimuuzia mtu mwengine saruji yake atakuja kukwambia nini. Nilirudi kwa maalim nikamuuliza. Akasema hilo sasa ni la masharti, washartiane tangu mwanzo.

Nimeongeza kisanduku kwenye ukurasa wa mipangilio: makubaliano yakae saa ngapi. Mzee ameweka 8. Mara ya mwisho nilipopita nilikuta 24, na Mzee alikuwa hajaona bado.